Kovu la Ijumaa

Jumanne ya pili ya Machi 1998, saa nne asubuhi, Dominiki alikuwa ameinamia kioo chake cha kazi, akimwondolea mke wa mchungaji kidevu cha pili. Duka lake lilikuwa Greyville, mtaa wa mji wa bandari kusini kabisa mwa bara, upande ule wa uwanja wa farasi ambao siku za mbio unasikia watu wakipiga mayowe kabla hujasikia farasi. Lilikuwa na dirisha moja kubwa, kaunta moja, pazia moja la bluu na mke mmoja. Mke huyo, Sia, alikaa kwenye kaunta akimenya machungwa.

"Usimkondeshe sana, Baba Aloys," Sia alisema bila kugeuka. "Mara ya mwisho mchungaji aliuliza yule wa pichani ni nani."

"Alilalamika?"

"Alilalamika wapi! Aliagiza nakala sita."

Dominiki alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Shule aliiacha darasa la tano, Kibosho, akaenda Moshi mjini kufagia studio ya Mhindi mmoja, na huko ndiko alikojifunza kurekebisha sura. Kazi yenyewe si ngumu kueleza. Negativu, ile filamu ambayo cheupe hutoka cheusi na cheusi cheupe, inawekwa juu ya kioo chenye taa chini yake. Kunyanzi linaonekana kama mstari mweupe. Unaujaza kwa penseli kali kama sindano, na kwenye picha halitoki. Kovu linaonekana jeusi. Hilo unalikwangua kwa ncha ya wembe, taratibu, bila kupumua. Vumbi la penseli na la wembe Dominiki alilikung'utia kwenye kopo la kahawa lililokaa karibu na kiwiko chake cha kulia. Maduka ya mjini yalikuwa na mashine ya kusafisha filamu nzima kwa saa moja, lakini mashine haikujua kumpunguzia mtu shingo. Kwa hiyo watu waliendelea kuja.

Alipokuwa anamalizia kidevu, aliingia Mzee Morita.

Mzee Morita alikuwa Mjapani, fundi mstaafu wa mitambo ya meli, mkazi wa ghorofa ya tisa kule South Beach. Alikuwa amepita Mombasa, Tanga na Dar es Salaam mara nyingi kuliko Dominiki mwenyewe, na Kiswahili chake kilikuwa cha bandarini: kifupi, kama amri za kufunga kamba. Wiki iliyopita alileta bakuli la kunywea chai ili lipigwe picha. Lilikuwa bakuli la udongo, limepinda mdomo, lina doa la kahawia ndani na ufa mrefu ubavuni uliopinda mara mbili. Lilikuwa la baba yake. Dada yake aliyeko Kobe alikuwa na la pili, pacha wa hilo, likavunjika kwenye tetemeko miaka mitatu nyuma, na sasa alitaka picha ya lililobaki.

"Piga hivi hivi," alikuwa amesema. "Tengeneza hapana."

Dominiki alisikia vizuri. Ila wateja wote husema hivyo, kwa adabu, kisha wakiona wamependezeshwa wanatabasamu mpaka magego yanaonekana. Kwa hiyo alijaza ufa kwa penseli, akafuta doa, akanyoosha na mdomo. Ilimchukua siku mbili. Bakuli lilitoka kama limenunuliwa jana.

Mzee Morita aliitazama picha kwa muda. Kisha akafungua kitambaa alichokuja nacho, akaliweka bakuli lenyewe juu ya kaunta. Mdomo ulikuwa umenyooka. Doa halikuwepo. Ubavu ulikuwa laini kama yai.

"Ufa yangu iko wapi?" aliuliza.

Aliuliza kama mtu anavyoulizia mwavuli aliousahau juzi. Dominiki akainama kuangalia chini ya meza, maana vitu vingi vilivyopotea dukani vilipatikana chini ya meza. Akaangalia nyuma ya pazia. Akapekua droo.

"Kwenye kopo umeangalia?" Sia alisema.

Ufa ulikuwemo. Ulikuwa kama unywele mweusi mrefu, umepinda mara mbili, palepale ulipopinda kwenye bakuli. Kando yake lilikuwepo doa, duara la kahawia lenye harufu ya chai. Chini yao kulikuwa na makunyanzi ya watu mbalimbali, yamejikunjakunja kama nyuzi za sweta, pamoja na chunjua mbili na kidevu cha mke wa mchungaji, ambacho kilikuwa bado na joto. Chini kabisa palilala kovu moja refu la rangi ya maziwa, limejiviringa. Dominiki alilitambua mara moja. Mwezi uliopita ndiye aliyelikwangua kutoka shavu la kushoto la Valérie, fundi cherehani.

"Kumbe huko ndiko yanakokwenda," alisema.

"Tangu Januari kopo lilikuwa zito," Sia alisema. "Nilidhani unaficha misumari." Akalifunika kwa sahani, kwa sababu ya inzi.

Dominiki alijaribu kuurudisha ufa kwa kibanio cha nyusi. Aliulaza juu ya bakuli, ukateleza. Akaubandika kwa gundi, ukajikunja na kurudi koponi wenyewe kama mjusi aliyeona mtu. Mzee Morita alimwacha ahangaike mpaka akatoka jasho, kisha akachukua bakuli, akalipeleka dirishani penye mwanga wa ubavuni. Akavuta viti viwili.

"Kaa. Angalia."

"Niangalie nini, Mzee?"

"Bakuli."

Wakakaa. Sia alimaliza machungwa, akahudumia wanafunzi wawili waliotaka picha za vitambulisho, akapokea simu, akapigana na mfereji wa choo. Wale wawili bado walikuwa wameketi. Mwanzoni Dominiki aliona bakuli tu. Baadaye akaona alama ya dole gumba la mfinyanzi karibu na kitako, mahali alipolishika kulichovya kwenye rangi. Akaona rangi ilivyochuruzika upande mmoja ikagoma upande wa pili. Kwa miaka thelathini na mitano alikuwa hajawahi kutazama kitu bila kutafuta cha kuondoa. Macho yalimchoka kwa namna mpya, kama mguu uliovaa kiatu cha mwenzake. Kufikia saa saba aligundua kwamba anautaka ule ufa. Bakuli bila ufa lilikuwa kama mtu aliyesahaulika jina.

Akaleta kamera yake ya lenzi mbili, akaisimamisha juu ya miguu mitatu, akazima taa zote, akaacha mwanga wa dirisha ufanye kazi. Akahesabu moja, mbili, tatu, nne. Kamera ilipofunga jicho, kopo lilitikisika kidogo chini ya sahani, na ufa ulikuwa ubavuni pa bakuli. Doa lilifuata. Mdomo ukapinda bila haraka.

Mzee Morita alimwomba Sia chai. Akainywea kwenye bakuli lake, akapangusa midomo.

"Ndiyo," alisema. "Hii yangu."

Negativu hiyo Dominiki hakuigusa. Picha ilikwenda Kobe na ufa wake.

Kesho yake, Jumatano, habari za kopo zilipoenea, watu walianza kufuata vitu vyao. Wa kwanza alikuwa Daktari Nyanchama, Mkenya, mhadhiri wa chuo kikuu, ambaye udaktari wake ulikuwa wa vitabu na si wa sindano. Aliingia akiwa na uso laini wa msichana wa miaka ishirini na mkoba wa mama wa miaka hamsini na nane.

"Dominiki, hebu niambie. Makunyanzi yangu umeyapeleka wapi?"

"Yapo, Daktari. Yamehifadhiwa."

"Yamehifadhiwa! Kwani ni pesa ya benki? Wanafunzi wangu wameanza kuniita sista. Sista! Jana mmoja ameniuliza kama nitaenda disko. Mimi nimeyatafuta hayo makunyanzi miaka thelathini, nikisahihisha upuzi wao, na ndiyo yanayowanyamazisha darasani. Rudisha."

Akaketi dirishani. Dominiki alimtazama robo saa tu, kwa sababu makunyanzi ya Daktari Nyanchama yalikuwa mepesi kutamaniwa, kisha akapiga. Yakarudi yote, moja moja, kama kuku wanaoingia bandani. Alijiangalia kwenye kioo cha kaunta, akakunja uso kujaribu, mtoto wa mteja mwingine akaanza kulia.

"Sharp," alisema Daktari Nyanchama, kwa neno la wenyeji la kusema safi, akaondoka.

Mke wa mchungaji hakuja kuulizia kidevu.

Valérie alikuja alasiri. Alikuwa mwanamke wa Bukavu, mwenye miaka thelathini na minne, mwenye cherehani yake chini ya baraza moja ya barabara ya Umbilo. Mwezi uliopita alitaka picha ya kumpelekea mama yake. Kovu lilimtoka kwenye nyusi ya kushoto likashuka mpaka taya. Hakuomba liondolewe. Dominiki aliliondoa kama zawadi, kama muuza ndizi anavyoongeza moja juu. Na kovu likaondoka kweli. Valérie alipoamka akakuta shavu safi, alidhani ni krimu mpya aliyopewa na jirani. Akaisifia kwa wateja wake, na sasa Umbilo nzima ilikuwa inajipaka krimu hiyo bila faida yoyote.

"Papa Dominiki," alisema, akaweka mikono kiunoni. "Bon. Unisikilize muzuri. Ile kovu yangu iko huku?"

"Ipo, mama. Nisamehe. Nilitaka kukufurahisha."

"Ulinifurahisha. Mama yangu vilevile alifurahi. Hakuwahi kuiona ile kovu, nilikimbia bila kumuaga. Alisema kwa telefone, mutoto wangu hajabadilika hata kidogo, akalia. Mimi pia nikalia. Wiki tatu nimetembea barabarani hakuna mutu ananiuliza kitu. Unajua ni kitu gani ile, kuingia dukani na mutu anaangalia macho yako, si shavu?" Akavuta kiti. "Sasa leo nimeenda kwa dirisha namba ine."

Dirisha namba nne lilikuwa kwenye ofisi ya vibali mjini, ambako kila baada ya miezi mitatu watu waliokimbia kwao walipanga foleni ili wagongewe muhuri wa kuendelea kuwepo. Karani wa dirisha hilo alikuwa na faili la Valérie. Faili lilisema: kovu, shavu la kushoto, sentimita kumi na moja. Karani alimwangalia, akaliangalia faili, akamwangalia tena, akasema faili halina mtu. Valérie akajieleza. Karani akasema ombi lake lote limesimama juu ya kovu hilo, ndilo ushahidi, na ushahidi haupotei hivihivi. Alimpa mpaka Ijumaa. Akirudi nalo, atagonga muhuri. Asiporudi nalo, faili litafungwa, na yeye atakuwa na siku kumi na nne za kutoka nchini.

"Hakushangaa?" Sia aliuliza.

"Kushangaa ya nini? Aliandika tu: amekuja bila kovu."

"Eish," alisema Sia, ambaye neno hilo la wenyeji la kustaajabu alilijua kabla hajajua njia ya sokoni.

Alhamisi asubuhi Valérie aliketi dirishani, mahali palepale lilipokaa bakuli. Dominiki alilitoa kovu koponi, akaliweka kwenye sahani. Akamtazama. Nusu saa. Saa nzima. Akapiga, akihesabu mpaka nne. Kovu halikusogea. Akapiga tena, akihesabu mpaka nane. Likageukia upande wa pili kama mtu aliyesumbuliwa usingizini. Mara ya tatu hata hilo halikufanya.

Tatizo alilijua, na lilimtia aibu kulisema. Ufa wa bakuli aliutaka. Makunyanzi ya Daktari aliyataka. Kovu hili hakulitaka. Na ni wazi kwamba na mwenye shavu hakulitaka.

"Jaribu kuliona zuri," alimwambia Valérie. "Mzee Morita anasema kitu kilichozeeka na kuvunjika kina uzuri wake. Kwao ni elimu kabisa, wanasoma. Ukilitazama kwa utulivu…"

"Papa Dominiki." Valérie hakupandisha sauti. "Ile ufa ya Muzee, nani aliileta?"

"Chai. Chai ya moto na miaka."

"Voilà. Yangu aliileta mutu. Ninamujua jina. Alikuwa anatununulia mkate, jirani yetu, anaitwa vile na vile, na siku ile alikuja na panga. Bakuli hakuna mutu aliikata. Usinifananishe na bakuli."

Sia alimtazama mumewe kwa yale macho ambayo baada ya miaka ishirini na saba ya ndoa hayahitaji maneno: kaa kimya, mzee, leo umepatikana.

Saa sita Mzee Morita alipita kuchukua nakala. Alikuta watu watatu wamenuna na kovu kwenye sahani. Sia alimweleza. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akamgeukia Valérie, akainamisha kichwa, akakaa hivyo kwa muda mrefu kidogo kuliko salamu ya kawaida.

"Mama sema kweli," alisema. "Hii si sawa na ile. Hii mbaya."

"Sasa tufanyeje?" Dominiki aliuliza. "Kesho ni Ijumaa. Mimi siwezi kulipenda, yeye hawezi kulipenda."

Mzee Morita alifikiri. Akafungua kitambaa, akatoa bakuli, akaomba maji ya moto, akatengeneza chai yake ya kijani iliyonuka majani mabichi, akampa Valérie ashike kwa mikono miwili.

"Kupenda si lazima," alisema. "Kuficha tu, hapana. Imetokea. Basi. Kamera iseme: imetokea."

Valérie alikunywa. Chai ilikuwa chungu, akasema hivyo, na Mzee akakubali kwamba ni chungu. Valérie akacheka kidogo. Kisha akaweka bakuli chini, akageuza uso wake mwenyewe, shavu la kushoto likaelekea dirishani, akatazama nje, kwenye taa za barabarani, ambazo huko huitwa robot, ambapo magari yalikuwa yamesimama kungoja.

"Alikuja saa kumi," alisema. "Nilikuwa napika maharagwe."

Dominiki hakujaribu kuona uzuri. Alitazama shavu na kukubali kwamba siku hiyo ilikuwepo, kwamba kulikuwa na maharagwe na kulikuwa na jirani. Akabonyeza. Moja, mbili, tatu, nne. Kwenye sahani, pale kovu lilipokuwa, palibaki unyevu kidogo.

Sia alienda nyuma ya pazia kupenga makamasi. Aliporudi alisema ni vumbi.

Ijumaa Dominiki alifunga duka akamsindikiza, kwa kuwa kosa lilikuwa lake. Walipanga foleni tangu saa kumi na mbili asubuhi. Kwenye dirisha namba nne alikaa mwanaume wa miaka arobaini hivi, shati limepigwa pasi, mikunjo miwili mirefu imesimama katikati ya nyusi zake kama namba kumi na moja. Alitoa rula. Valérie akasogeza shavu kwenye kioo. Karani akapima.

"Sentimita kumi na moja," alisema. "Sasa faili lina mtu." Akagonga muhuri. "Miezi mitatu. Mwezi wa sita usije bila kovu, mama. Unatusumbua."

"Siwezi kusahau," alisema Valérie.

Kabla ya saa saba walikuwa wamerudi Greyville. Valérie hakuvua hata mtandio. Aliketi kwenye kaunta, akamega andazi la Sia.

"Papa Dominiki. Toa."

"Leo leo?"

"Mutu wa faili ameiona. Mama yangu atapiga telefone Jumapili. Toa."

Dominiki akasafisha ile negativu ya Alhamisi, akaiweka juu ya kioo, akachukua wembe. Lilitoka vizuri zaidi ya mara ya kwanza, zima, halikukatika. Sia alitafuta kopo jipya, dogo, la peremende. Akabandika karatasi, akaandika kwa kalamu ya wino: VALÉRIE. KOVU. JUNI.

Mpango huo haukumshangaza mtu. Juni Valérie alikuja Alhamisi, akavalishwa, akaenda Ijumaa, akarudi akavuliwa. Septemba vilevile. Ila chini ya baraza zile habari hazikai. Julai alikuja Bizimana, Mrundi, mwenye alama ya moto mkononi iliyokuwa imeandikwa kwenye faili lake na ambayo mtoto wake mdogo aliogopa kuigusa. Akaja Salvator na alama za kamba. Akaja Baudouin, aliyekosa kipande cha sikio. Huyo Dominiki ilibidi amchoree sikio, na kilichoingia koponi kilikuwa upungufu tu. Kopo la Baudouin ulikuwa ukilifungua huoni kitu, lakini ukitia hata punje ya mchele, haikai. Alhamisi duka lilijaa. Wavaaji walikaa upande wa dirisha, wateja wa kawaida upande wa kaunta, na Sia aliwauzia wote maandazi.

Siku nyingine Dominiki alianza kupiga picha vitu ambavyo hakuna mtu aliyemtuma. Alipiga mbuzi ya nazi ya Sia, ambayo meno yake yalikuwa yamelika mpaka ikabaki kama mzee anayetabasamu. Alipiga kitasa cha mlango, kiti cha mtazamaji mmoja wa mbio za farasi kilichopasuka kwa kukaliwa na matumaini ya watu, viatu vya fundi bomba, ukuta wa nyuma ambako mvua ilikuwa imechora ramani ya nchi isiyokuwepo. Aliondoa dirishani picha kubwa ya bibi harusi aliyerekebishwa mpaka akakosa pua, akaweka mbuzi ya nazi. Watu walisimama kuitazama. Wengine waliingia kuuliza kama inauzwa, mbuzi, si picha.

Mzee Morita alikuja kila Jumanne. Alitazama picha, akanyooshea mojawapo kidole, akasema "Hii," au akasema "Hii bado," na kwa maelezo hayo Dominiki alijifunza zaidi ya alivyojifunza Moshi.

Novemba Sia alifunga kaunta katikati ya mchana, akavua kilemba, akakaa dirishani.

"Nipige kama lile bakuli."

"Na mvi?"

"Na mvi. Na hili jino. Na haya matumbo ya Aloys na wenzake. Na hapa kwenye shingo, unaona? Hii mikunjo ni yako wewe, ya kukuita uje kula na wewe husikii. Ukiigusa kwa hiyo penseli yako, nitakuchoma nayo."

Alimtazama muda mrefu kuliko alivyolitazama bakuli. Sia alianza kucheka, akamwambia apige basi, maharage yanaungua, na Dominiki akapiga akiwa anacheka pia, kwa hiyo picha ikatikisika kidogo. Waliitundika hivyo hivyo, juu ya kaunta. Mzee Morita aliisimamia dakika tano. "Hii," alisema.

Wiki ya kwanza ya Desemba, Jumanne, aliingia mwanaume mwenye shati lililopigwa pasi. Dominiki alimjua kabla hajafungua mdomo. Alikuwa karani wa dirisha namba nne. Alikuwa amepandishwa cheo, atapewa ofisi yenye zulia baada ya Krismasi, na walitaka picha yake ya kutundika ukutani.

"Nimesikia unatengeneza nyuso," alisema, akagusa mikunjo yake miwili. "Hii unaweza kuiondoa? Ni mafaili yaliyonifanya hivi. Miaka kumi na moja nakunja uso. Hata binti yangu nikimbusu anasema baba, usinikasirikie."

Alikuwa mtu mpole dukani. Alimsifia Sia maandazi, akaitazama mbuzi ya nazi, akasema bibi yake alikuwa na kisu cha namna hiyo, kimelika hivyo hivyo.

Dominiki aliifanya kazi hiyo kwa uangalifu kuliko kazi yoyote maishani mwake. Aliifanya siku mbili, akitumia penseli mpya. Sia alijua anachowaza, kwa sababu na yeye alikuwa anakiwaza: huenda mikunjo ikiondoka, na rula nayo ikabaki kwenye droo. Mikunjo ilipotoka ikalala koponi, migumu, mifupi, kama pini za kubania karatasi. Katika picha, karani alikuwa na uso wa mtu aliyelala vizuri. Alipokuja kuichukua Alhamisi, uso wake mwenyewe ulikuwa hivyo hivyo. Alijitazama kwenye kioo, akapitisha kidole katikati ya nyusi, akacheka kwa sauti, akawapa mkono wote wawili. Wavaaji waliokuwa dirishani wakamwamkia. Aliwaitikia mmoja mmoja kwa majina, kwa kuwa mafaili yao aliyajua.

Ijumaa Dominiki alimsindikiza Valérie tena, safari hii kwa udadisi tu. Foleni ilikuwa ileile. Walifika dirisha namba nne saa tano kasoro. Karani aliinua uso, laini kama wa mtoto aliyetoka kuogeshwa, akatabasamu, akamuuliza Valérie habari za mama yake wa Bukavu. Valérie akasema mzima, anawasalimu.

"Vizuri sana," alisema karani kwa upole, akavuta droo na kutoa rula. "Kovu umekuja nalo?"

Valérie akasogeza shavu kwenye kioo.